Punje Moja ya Mahindi

Funguo za ghala hili ninazo mimi, Tibenkana,
mlinzi wa usiku hapa Jinja, mwaka wa ishirini na sita.
Zamani lilikuwa la pamba. Sasa ni mahindi,
magunia hadi darini, panya wanene kama paka,
ila Jumamosi, tajiri akishapakia lori la Busia,
sakafu hubaki tupu, saruji laini
iliyosuguliwa na marobota kabla sijazaliwa,
na Kocha Naigaga huja na ufagio.

Haanzi kwa kuruka. Anaanza kwa kufagia.
"Punje moja," huwaambia, "punje moja tu
ikiingia chini ya gurudumu, meno yako ni mali ya sakafu."
Watoto kumi na wanne wa Walukuba huinama,
wakidonoa kama kuku.
Kisha anawafundisha kuanguka:
kwa paja, kwa tako, usitangulize mkono,
mkono unautaka mzima wa kulia posho.
Jozi za viatu ni sita. Wengine huvaa kimoja
na kuteleza nusu nusu, wakingoja zamu.

Namkumbuka ana miaka kumi na mitano.
Pamba ilikwisha kufa, mahindi hayajaja.
Nilimfungulia usiku, sigara mbili kwa saa.
Baba yake alikuwa sajini kambini;
nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa cha amri.
Huku kwetu wazee wakikisikia
bado hutazama mlango.
Yeye alikihesabia mizunguko:
moja, mbili, tatu, tua.
Chemli juu ya debe, magurudumu yakinguruma
kama bwawa limefunguliwa milango.

Kampala alishinda. Nairobi akawa wa pili.
Safari ya mwisho alikwenda na gauni la buluu,
shanga mia tatu na arobaini, shangazi alizishona kwa mkono.
Mzunguko wa tatu, ushanga mmoja ukakatika,
ukaanguka, ukamngoja.
Aliukanyaga mwenyewe.
Sikuwepo. Goti nilionyeshwa.
Alishuka basi la usiku, akaomba ufunguo,
akakaa katikati ya sakafu, miguu mitupu,
hadi adhana ya alfajiri.
Sikumsemesha. Kuna misiba isiyo na matanga.

Miaka tisa alipima sangara Masese, kiwanda cha samaki,
buti za mpira, koleo mkononi.
Siku moja akapiga koleo kwenye barafu:
"Wenzetu huko baridini huchezea juu ya hii, Tibenkana.
Sisi tunalazia samaki."
Akacheka peke yake, kicheko cha kukohoa.
Mwezi uliofuata akaja na watoto watatu na ufagio.

Jumamosi iliyopita, Kagoya,
miaka kumi na mmoja, soksi za rangi mbili,
viatu vya mtu mzima vilivyoshindiliwa gazeti,
alichukua mbio kutoka mlango wa lori.
Moja.
Mbili.
Tatu, na akatua,
mguu wa nyuma umenyooka kama mkono wa mizani
iliyopata uzito wake.
Wenzake walipiga kelele, njiwa wakatoka paani.
Kocha hakupiga makofi.
"Mkono wa kushoto umechelewa. Rudia."
Kisha akageukia ukuta, akawa anahesabu
magunia ambayo hayapo.

Jioni watoto walikwenda. Nilikaa nje na chai yangu.
Nikasikia magurudumu, mapana, bila haraka,
kisha sauti yake: moja, mbili,
kisha kishindo.
Nilisimama. Nikakaa tena.
Alitoka akichechemea, vumbi begani,
akanikabidhi kufuli.
"Punje," akasema.

Baadaye nilikagua kwa tochi, kona kwa kona,
nikapapasa kwa kiganja.
Sikuona kitu.
Jumamosi ijayo nitawaambia watoto
wafagie mara mbili.